Kasa Anapolazwa

Akina mama wenzetu, sisi wa Ngulyati tunamjua kobe wa porini. Kasa wa baharini wengi wetu tumemwona kwenye picha tu. Mtoto mmoja wa Shule ya Jumapili alituuliza, "Kasa akiumia, anatibiwa na nani?" Sisi wauguzi tukacheka, kisha tukaona swali lina uzito.

Huko Watamu, pwani ya Kenya, kipo kituo cha kuwatibu. Kazi hiyo ilianzishwa na wakazi mwaka 1997, na sasa inaendeshwa na shirika la Local Ocean Conservation. Mvuvi akimkuta kasa wavuni hupiga simu, nao huja kumpima na kumkagua. Aliye mzima hurudishwa baharini, na mvuvi hupewa fedha kidogo kwa usumbufu wake. Mgonjwa hulazwa.

Wapo waliokatwa na kamba za nyavu, na waliomeza ndoana. Anayetugusa zaidi ni yule anayeelea. Huyu amemeza plastiki, maana mfuko ukiwa majini hufanana na yavuyavu, chakula chake. Matumbo yameziba, gesi imejaa, hawezi kuzama kutafuta riziki, na jua linamchoma mgongoni. Hutiwa maji mwilini kwa sindano, hupewa dawa ya kulainisha choo, kisha watu hungoja. Ni muuguzi gani hajawahi kungojea choo cha mgonjwa kwa hamu namna hiyo? Wengine hukaa wodini miezi.

Kasa hupumua kwa mapafu, hivyo wavuni aweza kufa maji. Aliyezimia asitupwe baharini wala asilazwe chali. Alazwe kifudifudi kivulini, sehemu ya nyuma iinuliwe kidogo maji yatoke mapafuni, afunikwe kitambaa kibichi bila kuziba pua. Huenda akazinduka baada ya saa nyingi.

Na kwa nini mvuvi ashike simu badala ya kisu? Nyama ya kasa mara nyingine ina sumu. Kuipika hakuiondoi, wala dawa yake haijapatikana. Machi 2024, kisiwani Panza, Pemba, watoto 8 na mama mmoja walifariki baada ya kuila, na watu 78 wakalazwa hospitali.

Jumapili iliyofuata tulimjibu yule mtoto. Akatuuliza tena kama kasa naye hulia akidungwa sindano.