Sungura Asiyelala: Kelele za Usiku na Maana Yake

Najua jarida la chama cha Kiswahili limezoea mashairi, mafumbo na makala juu ya ngeli. Mimi leo nimechagua sungura. Si yule sungura wa hadithi anayemzidi fisi kwa ujanja, la, ni sungura wa kufugwa, mweupe, mwenye macho mekundu, na hasa zile kelele anazopiga usiku wakati mwanafunzi anataka kulala ili kesho asisinzie kwenye somo la hisabati.

Habari yenyewe ni hii. Nyumba yetu hapa Bute ni ya mabati, na kizimba cha sungura wangu kinakaa usiku katika chumba ninamosomea, ukuta mmoja na chumba cha nyanya. Sungura mwenyewe ni jike na jina lake ni Bakayle, neno la Kisomali lenye maana ya sungura, sikujisumbua kubuni. Basi usiku wa saa nane, watu wamelala fofofo, unasikia: du! Kisha kimya. Du! tena. Halafu bakuli la bati linarushwa ukutani, halafu waya unatafunwa, krii, krii, krii, mpaka karibu na adhana ya alfajiri. Nyanya alivumilia siku tatu. Usiku wa nne akaniita kupitia ukutani.

"Mjukuu wangu, huyo mnyama wako ana ugomvi na nani?"

"Nyanya, tafadhali nipe muda nitamtuliza."

"Nakupa wiki mbili. Zikipita ataingia chunguni. Nyama yake ni halali."

Na juu ya uhalali nyanya alikuwa na haki kabisa. Katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, Anas bin Malik anasimulia jinsi sungura alivyokamatwa huko Marr al-Dhahran, na paja lake likapelekwa kwa Mtume (S.A.W.) naye akalipokea. Kwa hivyo upande wa dini sikuwa na la kumtetea Bakayle. Ikabidi nitafute sababu ya kelele.

Washauri hawakukosekana. Kaka yangu alisema nifunike kizimba na blanketi zito. Jirani akasema, mtoe nje, mbuzi si wanalala nje? Rafiki mmoja wa darasani akasema niondoe maji na chakula usiku ili asiwe na kitu cha kurusha. Ushauri wote huu unasikika vizuri, na wote unaweza kumuua mnyama. Nitaeleza kwa nini, maana hapo ndipo penye shina la jambo lote.

Tuanze na blanketi. Sungura hatoi jasho kama sisi. Joto la mwili wake analipunguza zaidi kupitia masikio, yale masikio marefu yenye mishipa mingi ya damu, na kwa kuhema haraka. Joto la hewa likipita nyuzi 30 hivi anaanza kutaabika, na likizidi anaweza kufa siku hiyo hiyo. Sasa wewe mwenyewe unajua joto letu. Wajir mjini, Februari na Machi, mchana hupita nyuzi 35. Sisi wa Bute tuko juu kidogo, kwenye vilima, na pamoja na wenzetu wa Gurar tunapata mvua zaidi kuliko sehemu nyingine za kaunti, lakini ndani ya nyumba ya mabati hiyo nafuu huioni. Blanketi juu ya kizimba ni tanuri.

Kutoa nje nako kuna wenyewe wanaongoja. Mbuzi wana boma la miiba, wana wingi wao, na mbwa akiwepo anabweka. Sungura mmoja ndani ya kisanduku hana lolote. Kanu hutembea usiku, paka pori hutembea usiku, mbweha pia, na nyoka hupenya mahali ambapo wewe huwezi kupitisha vidole viwili. Hata asipoguswa, sungura anaweza kufa kwa hofu tu akizungukwa na adui usiku kucha bila pa kukimbilia.

Na kuondoa maji ndiyo mbaya kuliko yote. Hapa kwetu maji ni mali, hilo halihitaji kuelezwa kwa mtu aliyeona ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ilipokosa mfululizo na mifugo ikalala kando ya njia. Lakini sungura mmoja hahitaji silanga. Bakuli moja la wastani linamtosha usiku, na wakati wa joto nalijaza tena. Ukimnyima, ataacha kula, na sungura akiacha kula tumbo lake linasimama kufanya kazi. Hapo umemaliza kelele na umemmaliza mwenyewe.

Basi kwa nini analia du! du! wakati wa saa nane? Kwanza tuelewe kwamba lugha yetu imetuchanganya kidogo. Kiswahili kinasema sungura kwa wanyama wawili tofauti. Yule mnayemwona akiruka vichakani njiani ni sungura wa mwituni wa Afrika. Hachimbi shimo la kuishi, analala juu ya ardhi kwenye kishimo kidogo cha nyasi, na watoto wake huzaliwa na manyoya na macho wazi, tayari kukimbia. Huyu wa kufugwa asili yake ni Uhispania, Ureno na nchi za jirani zao. Wazee wake waliishi kwa vikundi ndani ya mashimo marefu chini ya ardhi, na watoto huzaliwa uchi, wamefumba macho. Kwa hiyo msimtegemee Bakayle kufanya mambo kama binamu yake wa vichakani.

Ule mshindo wa mguu ni kengele ya hatari. Kule mashimoni, sungura mmoja akihisi adui hupiga ardhi kwa miguu ya nyuma, na wenzake walio chini husikia mtikiso na kukaa ndani. Bakayle hana wenzake, lakini miguu haijui hivyo. Tena masikio yake hupata sauti nyembamba kali ambazo sikio la binadamu halipati hata kidogo. Ndiyo maana unaamka, unamulika tochi kila pembe, huoni kitu, halafu unasema mnyama ana wazimu. Kumbe yeye amesikia, wewe ndiye hukusikia!

Kule kukwaruza sakafu ni tamaa ile ile ya kuchimba. Na kutafuna waya kuna sababu ya mwili: meno ya sungura hayakomi kumea maisha yake yote. Yale ya mbele humea zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka, na yasiposagwa na nyasi yatapinda hadi ashindwe kula. Mnyama aliyepewa kiganja cha majani laini saa kumi jioni atakuwa amemaliza yote magharibi, na usiku mrefu ungali mbele. Atatafuna nini kama si waya?

Lakini kwa nini usiku? Hapa watu wengi hudhani sungura ni mnyama wa usiku kama popo. Si hivyo hasa. Saa zake za kuchangamka ni machweo na mapambazuko, wakati mwanga ni hafifu. Joto kali la mchana linamlazimisha alale kama mfu, amenyoosha miguu, na ile kazi yote ya kula, kuruka na kuchimba anaisukuma hadi hewa ipoe. Kwa hiyo huku kwetu usiku wake unakuwa mrefu kuliko wa sungura wa Limuru, kwenye baridi. Nilipofahamu hili niliacha kumkasirikia, maana hata sisi wenyewe Machi nani anacheza mpira saa nane mchana?

Sasa niwaambie nilivyofanya. Nilichukua daftari kuukuu na kwa siku saba nikaandika saa, aina ya kelele, na kilichokuwa ndani ya bakuli. Pia nilinyunyiza majivu laini kuzunguka nyumba, chini ya dirisha na mlangoni. Asubuhi ya pili nikakuta nyayo ndogo, kama za paka, zimekuja hadi ukutani upande wa kizimba na kurudi. Usiku ule daftari linasema: mshindo, saa nane na robo, mara sita. Nikamwonyesha nyanya. Akaziangalia nyayo, akatikisa kichwa, akasema, "Basi kumbe analinda nyumba." Sikumpinga, ingawa kwa kweli alikuwa akijilinda mwenyewe.

Daftari lilionyesha na jingine. Bakuli lilirushwa tu usiku ambao lilikuwa tupu. Waya ulitafunwa zaidi siku ambazo sikumfungulia jioni. Ukishajua hivyo, kazi inakuwa nyepesi.

Kizimba nilikihamisha kutoka ukuta ule wa nje hadi pembe ya ndani, na nikakiacha mbali na bati kama mkono mmoja, kwa sababu bati linaikuza kila sauti kama ngoma. Chini ya miguu ya kizimba nikaweka vipande vya tairi kuukuu. Ndani, upande mmoja wa sakafu, nikatandika gunia lililokunjwa na nyasi kavu juu yake. Anapiga mguu bado, lakini sasa ni "pu" badala ya "du". Gunia ulichunguze kila asubuhi, akianza kulila liondoe. Bakuli la bati nikalibadilisha na la udongo, zito, pana chini, asiloweza kulipindua. Dirisha nikalizibia kwa waya wa matundu madogo ili upepo upite na wale wenye nyayo wabaki nje.

Kisha ratiba. Mchana kizimba kinakaa chini ya mwarobaini wetu, watu wakiwa karibu, upande mmoja umetundikwa gunia lililoloweshwa maji. Hewa yetu ni kavu, kwa hiyo maji yale yanapokauka yanapoza upepo unaopita ndani. Si mchezo, weka mkono uone. Upande wa pili uache wazi, usije ukarudi kwenye ile habari ya blanketi. Baada ya magharibi ninafunga mlango wa chumba na kumfungulia kwa saa nzima. Anakimbia, anaruka, anachungulia chini ya kitanda, nami ninafanya mazoezi ya fizikia, vitabu nimeviinua juu kwa maana anakula karatasi bila kuchagua somo. Baada ya isha ndipo anapata chakula kikubwa cha siku, nyasi kavu tele, tena nyasi na si sukuma wiki, kwa sababu nyasi ndizo zinazosaga meno na zinamchukua saa nyingi kutafuna. Sukuma wiki ni kipande kidogo tu cha kumfurahisha. Ninaongeza kipande cha ubao usiopakwa rangi wala dawa. Maji yanajazwa mwisho, kabla sijazima taa.

Kitu kimoja wenye majike wakijue. Kuna wiki ambapo mambo haya yote hayasaidii: anachimba pembe moja, anabeba nyasi mdomoni, anajing'oa manyoya ya kifua. Kama amekutana na dume, hesabu siku 31 hivi tangu siku ile, na umwekee kisanduku cha kuzalia. Kama hajakutana naye, ni mimba ya uongo, ambayo huisha yenyewe kwa siku 16 hadi 18. Mwache ajenge kiota chake. Ukimvurugia ataanza upya, na utakesha naye.

Wiki mbili za nyanya ziliisha. Kelele hazikuisha, nisiwadanganye. Zimepungua, na zimesogea: nyingi zinatokea kati ya magharibi na saa nne, kisha tena kuelekea alfajiri, ambapo watu wa nyumba wanaamka kuswali hata hivyo. Mwezi wa Ramadhani tunaamka sote kula daku na yeye yuko macho, hakuna anayelalamika. Nyanya siku hizi akisikia mshindo mkubwa huniambia nitazame mlango kama umefungwa.

Zipo sauti mbili ambazo hazitulizwi kwa gunia wala nyasi. Moja ni kusaga meno kwa nguvu, sauti inayosikika hadi mlangoni, huku amejikunja na macho ameyafumba nusu. Kusaga kidogo kidogo ukimkuna kichwa ni raha, lakini huku kwingine ni maumivu. Nyingine ni yowe. Sungura ni bubu karibu maisha yake yote, na akipiga yowe ni kwa maumivu makali au hofu ya kufa. Amka saa hiyo hiyo na tochi. Na ule usiku ambao hakuna kelele yoyote, bakuli limejaa vile vile na kinyesi hakuna asubuhi, usishukuru kwamba amejifunza adabu. Sungura aliyekaa nusu siku bila kula ni mgonjwa wa haraka. Mpe maji, mtoe kwenye joto, umpeleke kwa daktari wa mifugo mapema, na umweleze kwa saa kamili ni tangu lini hajala, kwa maana hilo ndilo swali la kwanza atakalouliza, na jibu liko kwenye daftari lako.