Anwani Inayokuja na Kupotea

Wenzangu wengi huniuliza kwa nini zile kompyuta pepe tunazofanyia mazoezi hupata mtandao leo, na kesho hukosa, hali hakuna aliyezigusa. Nataka kulieleza jambo hili sasa, maana mtihani wa vitendo wakaribia, na asiyepata mtandao siku hiyo hana la kufanya.

Kompyuta pepe si chombo cha kushikika. Ni programu iliyo ndani ya kompyuta ya kweli, nayo hujiona kuwa kompyuta kamili. Iwashwapo haina anwani, basi huita mtandaoni kuomba. Seva huitajia anwani moja, kompyuta huiomba rasmi, na seva hukubali. Utaratibu huo huitwa DHCP, na kanuni zake za mwaka 1997 zatumika hata leo. Anwani haitolewi moja kwa moja. Hupangishwa kama chumba, na nusu ya muda ipitapo kompyuta huomba kuongezewa.

Ukiona anwani inayoanza na 169.254, ujue hakuna seva iliyojibu, na kompyuta imejipa yenyewe. Hilo halina fumbo kubwa. Linalosumbua ni hili la kupata na kukosa, na mara nyingi asili yake ni kunakili. Mtu hutengeneza kompyuta pepe moja ya Linux, kisha hutoa nakala 20. Kila nakala hupewa namba mpya ya kadi ya mtandao, naye hudhani mambo ni sawa. Kumbe Linux nyingi hujitambulisha kwa seva kwa kitambulisho kitokanacho na faili /etc/machine-id, lenye herufi na tarakimu 32, nalo limenakiliwa pamoja na vingine! Seva huona jina moja, hutoa anwani ile ile. Mbili zikiwashwa pamoja hugombana. Moja ikiwa peke yake haina neno. Ndiyo sababu mchana darasani ni kilio, na jioni fundi hakuti kitu.

Mimi hulinganisha faili hilo katika kompyuta mbili. Likilingana, huliacha tupu (silifuti) katika kompyuta ya asili kabla ya kunakili, na kila nakala iwakapo hujiandikia lake. Lisipolingana, natafuta seva ya pili ya DHCP. Aghalabu huwa ni ruta ndogo ambayo mtu ameichomeka ukutani ili simu yake ipate mtandao.