Mtoto ana vipele: Kwa nini mnaulizwa tarehe?

Mtoto ameshikwa na homa kali, anakohoa, mafua yanamtoka na macho ni mekundu. Siku chache baadaye vipele vinaanza nyuma ya masikio na usoni, kisha vinashuka mwilini. Mama anafika kituo cha afya akitarajia dawa, lakini anaulizwa kwanza vipele vimeanza lini na kadi ya kliniki iko wapi.

Wengi huona huo ni usumbufu. Kumbe bila majibu hayo, hata maabara inaweza kupotoshwa.

Kipimo cha damu kinachotumika sana hakitafuti kirusi chenyewe cha surua. Kinatafuta kingamwili, silaha ambazo mwili hutengeneza baada ya kuvamiwa. Za kwanza, ziitwazo IgM, hutokea karibu na siku vipele vinapoanza na hukaa kwenye damu wiki kadhaa. Zikifuatiwa na IgG, hizo hudumu miaka mingi, mara nyingi maisha yote.

Damu ikichukuliwa ndani ya siku tatu za mwanzo za vipele, IgM huweza isionekane ingawa mtoto anaumwa surua. Kwa hiyo mzazi akiambiwa arudi kupima tena, arudi, na mtoto asichanganywe na wenzake angalau siku nne tangu vipele vianze. Kadi nayo ina kazi yake: chanjo huamsha IgM hizohizo, hivyo aliyechanjwa wiki chache zilizopita anaweza kuonekana mgonjwa.

IgG za mama humlinda mtoto miezi ya mwanzo, lakini pia huzuia chanjo kufanya kazi vizuri. Ndiyo maana Tanzania na Kenya hutoa dozi ya kwanza akiwa na miezi 9. Katika umri huo, takriban watoto 85 kati ya 100 hupata kinga. Dozi ya miezi 18, ambayo wazazi husahau kwa kuwa mtoto ameshachangamka, ni kwa ajili ya waliobaki.

Kuachia mtoto "augue tu apate kinga" ni hesabu mbaya. Utafiti wa watoto 77 wa Uholanzi wasiochanjwa, uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Science, ulionyesha surua ilifuta kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Vipele vilikuwa vimeshapona, lakini mwili ulilazimika kujifunza upya magonjwa uliokwisha kuyashinda.