Lualaba Ndani ya Flashi: Namna Filamu Inavyobanwa Jicho Lisigundue

Mwaka 1951 mwongozaji John Huston aliwaleta waigizaji Katharine Hepburn na Humphrey Bogart hadi Biondo, kando ya mto Ruiki, karibu na Ponthierville, nchini Kongo. Mji huo leo ni Ubundu, mwisho wa safari ya boti zinazoteremka mto Lualaba kutoka mji wa Kindu. Sehemu ya filamu The African Queen ilipigwa huko, nyingine Uganda, na nyingine katika studio huko London. Mwaka 2010 filamu hiyo ilitolewa upya, imesafishwa, kwa DVD na Blu-ray.

Mkazi wa Kindu mwenye DVD hiyo hukwama pale anapotaka kuihamishia kwenye flashi. Dakika 105, kwa wastani wa megabiti 6 kila sekunde, huchukua takriban gigabaiti 4.7, sawa na diski nzima ya tabaka moja. Kwa ukubwa huo, flashi ya gigabaiti 32 hujaa kwa filamu 6 tu. Tena flashi nyingi bado zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haukubali faili moja lizidi gigabaiti 4, hivyo nakala ikiwa faili moja hukataliwa hata nafasi ikiwapo.

Wanaojaza filamu kwenye simu na flashi huahidi kuibana “bila kupoteza ubora”. Ahadi hiyo ina chumvi. Picha ya DVD ilishabanwa kiwandani: kama kila fremu ingehifadhiwa nzima, pikseli 720 kwa 576, fremu 25 kila sekunde, filamu hii ingedai karibu gigabaiti 98 hata baada ya kupunguzwa rangi. Kila inapobanwa tena kitu hupotea. La kuuliza ni kama jicho litakigundua.

Na jicho lina udhaifu wake. Hutambua tofauti ndogo za mwanga kwa ukali kuliko tofauti ndogo za rangi, ndiyo maana DVD huhifadhi kipimo cha rangi kimoja kwa kila pikseli nne na mtazamaji asilalamike. Kisha picha hukatwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, na kila kipande huandikwa upya kwa hesabu iliyochapishwa mwaka 1974 na Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India, pamoja na wenzake wawili. Hesabu hiyo hutenganisha umbo kubwa na vitu vidogo vidogo, na vile vidogo ndivyo vinavyopunguzwa kwanza. Mwishowe, fremu nyingi hazihifadhiwi kamili. Huandikwa tu kilichosogea na kilichobadilika tangu fremu ya jirani.

DVD hutumia MPEG-2, kodeki (yaani mbinu ya kubana na kufungua video) ya miaka ya 1990. H.264, iliyotoka 2003, hufanya kazi ileile kwa werevu zaidi: hukata vipande vya ukubwa tofauti na kulinganisha fremu na nyingine kadhaa kwa pamoja. Filamu yetu ikishuka hadi megabiti 1.5 kwa sekunde, picha inabaki na gigabaiti 1.2 hivi. Sauti huongeza kidogo.

Lakini 1.5 si namba ya kila filamu, wala ya kila dakika. Bogart akiwa ameketi anaongea, karibu kila kitu kimetulia na kodeki haina kazi. Mashua ikipita kwenye matete, mvua ikinyesha na maji yakimetameta, hakuna fremu inayofanana na iliyotangulia. Punje za filamu za zamani nazo hurukaruka bila mpangilio. Kuilazimisha programu ifikie ukubwa uliopangwa tangu mwanzo ni kuunyima mto biti unazozihitaji. Afadhali kuchagua ubora, ukubwa ujipange wenyewe. HandBrake, programu ya bure, ina kipimo cha kazi hiyo. Namba ndogo humaanisha ubora mkubwa, na kwa DVD inayobanwa kwa H.264 inapendekezwa kati ya 18 na 22.

Huko Ulaya ushauri ungekuwa kutumia kodeki mpya zaidi, H.265 ya 2013 au AV1 ya 2018, zinazobana zaidi. Kindu hesabu ni nyingine, kwa sababu umeme wenyewe hutafutwa kwa sola na jenereta. Laptop inayokula wati 50 ikifanya kazi saa tatu hutumia wati-saa 150, umeme wa kuchaji simu kama kumi. Kodeki mpya huongeza saa hizo, na simu ya zamani isiyo na chipu ya kuzisoma hukwamakwama huku betri ikiisha. H.264 huchezwa karibu kila mahali.

Kosa linaloharibu zaidi ni kubana kilichokwisha kubanwa: nakala kutoka simu ya jirani, ikapunguzwa tena, kisha tena. Hakuna programu inayorudisha kilichotupwa. Diski ndiyo chanzo, na itunzwe. Kuuza nakala ni jambo jingine, ambalo sheria ya Kongo ya hakimiliki ya 1986 inalihusu.

Kabla ya kuwasha jenereta kwa saa tatu, HandBrake inaweza kubana kipande kifupi cha majaribio. Kichaguliwe chenye mvua au maji yanayokimbia, kisha kitazamwe kwenye skrini ileile itakayotumika. Matone yakigeuka miraba, namba ishushwe kutoka 22 hadi 20 na kipande kirudiwe.