Kinga ya mbio ya zamani: pima gurudumu mbele ya kulipa

Mtu wa Aru mwenye kufufua kinga ya mbio ya zamani anatafuta magurudumu ku soko ya Ariwara, ao anavuka Vurra mpaka Arua. Mbele ya kutoa feza, asome namba ku ubavu wa pine.

"28" peke yake inadanganya. Kinga za mizigo zinavaa 28 × 1½, ni kusema 635. Za mbio, mingi inavaa 700C: hiyo ni 622, hata kama wengine wanaiita 28 pia. Za zamani zingine zinavaa inchi 27: 630. Namba hiyo ni kipenyo, kwa milimita, cha mahali pine inakaa ku janti. Pine ya 630 ku janti ya 622 inalegea. Inaweza kutoka mtu akiwa anashuka mlima.

Angalia breki pia. Janti nyingi za kinga za mizigo zimetengenezwa kwa breki ya vyuma, yenye kushika kwa chini. Breki ya mbio inashika ku ubavu, na kule janti hiyo ni ya mviringo: haishiki muzuri.

Nyuma, pima nafasi ya kadre: za zamani mara nyingi 120 ao 126, za kisasa zingine 130. Kadre ya chuma, fundi mwenye kujua anaweza kuipanua kidogo. Ya aluminiamu, hapana: inapasuka.

Mwisho, hesabu matundu ya reyo. Janti ya 40 haiendi na kipande cha katikati cha 36.