Nundu penye mfupa uliovunjika: je, mfupa umeunga?

Tunapotembelea wagonjwa wetu, mara nyingi tunaonyeshwa mguu au mkono uliovunjika miezi michache iliyopita, labda kwa ajali ya pikipiki. Pale ulipovunjika pamebaki nundu ngumu. Jamaa wengine wanafurahi: "Nundu imetoka, basi mfupa umeunga." Wengine wanaogopa, wanamwita fundi wa mifupa aikande mpaka ishuke. Tumeona vema tueleze nundu hiyo ni kitu gani, kwa sababu kuielewa vibaya kunaweza kumwacha mtu kilema.

Mfupa ukivunjika, damu inaganda kati ya vipande. Katika majuma mawili au matatu ya kwanza mwili unajenga hapo tishu laini. Kisha chokaa inaingia ndani yake, inakuwa mfupa mchanga. Madaktari wanaiita kalusi. Ni kama fito tunazozungushia nguzo iliyopasuka ili isianguke. Baadaye, kwa miezi na hata miaka, mwili wenyewe unapunguza kilichozidi. Mtoto mchanga aliyevunjika mtulinga wakati wa kuzaliwa anaweza kuwa na nundu ambayo mama yake anaigusa kwa hofu, lakini kwa kawaida inapungua bila dawa.

Kwa nini basi wengine wanapata nundu kubwa kupita kiasi? Mara nyingi sababu ni kutikisika. Mfupa ulioshikwa imara kabisa kwa chuma na skurubu huunga karibu bila nundu. Lakini mtu aliyetoa plasta mapema, au aliyefungwa vijiti vilivyolegea, vipande vyake vinachezacheza, na mwili unazidi kuongeza kalusi ili uvizuie. Nundu inakuwa kubwa kwa nje, huku katikati mfupa ungali wazi. Kwa hiyo nundu kubwa si ushahidi kwamba mfupa umepona. Mfupa wa namna hiyo una damu ya kutosha. Unachokosa ni kutulia. Mpasuaji akiushika imara, mara nyingi unaunga.

Kukanda hakusaidii. Kunatikisa vipande tena na kuumiza nyama iliyo karibu. Hasa kwenye kiwiko, nyama iliyoumizwa inaweza kugeuka mfupa, na mkono ukakataa kukunjika.

Mgonjwa asikawie kwenda hospitali kupigwa picha ya mfupa akiona mojawapo ya haya:

- miezi mitatu imepita na bado anaumia anapokanyaga au kubeba kitu;
- mfupa unacheza pale ulipovunjika;
- mkono unakufa ganzi au kulegea, na nundu iko kwenye mtulinga;
- pana joto, usaha au homa;
- nundu inazidi kukua, au inauma usiku hata akiwa amelala.

Dalili hii ya mwisho inaweza kuwa ya ugonjwa mwingine kabisa, hata kansa ya mfupa, hasa kwa vijana.

Tunajua kwamba wengi wanabaki nyumbani kwa kukosa nauli na pesa za picha. Hapo mashemasi na vikundi vya wamama wana kazi. Kabla ya kuuliza, "Nundu imeshuka?", tumuulize mgonjwa, "Je, unakanyaga bila maumivu? Ulipigwa picha lini?" Na kama hajapigwa, tumsaidie afike.