Kibali cha Bastola Hakivuki Daraja: Silaha Safarini Katika Majimbo ya Marekani

Katika majeshi yetu silaha ina daftari. Bunduki itokapo ghalani huandikwa namba yake na jina la aliyekabidhiwa, na irudipo huandikwa tena. Askari aendaye likizo husafiri mikono mitupu. Kwa hiyo ndugu zetu wapatao nafasi ya kwenda Marekani kwa masomo ya kijeshi au ya kipolisi hustaajabu kuona silaha ikiwa mali ya raia wa kawaida, kama saa au baiskeli. Hustaajabu zaidi waambiwapo kwamba mtu aweza kutoka nyumbani asubuhi akiwa mbeba bastola halali, na kabla ya adhuhuri akawa mtuhumiwa, hali hakufanya lolote ila kuendesha gari lake kwenda mbele. Tumeona yafaa kulieleza jambo hili, kwa kuwa lagusa kazi ya kila aliyepewa mamlaka ya kumkamata mwenzake.

Marekani ni muungano wa majimbo 50, na kila jimbo lina bunge lake, polisi wake na sheria zake za jinai. Nyongeza ya pili ya Katiba, iliyopitishwa mwaka 1791, yalinda haki ya watu kuwa na silaha, na mwezi Juni 2022 Mahakama ya Juu iliamua kwamba haki hiyo haiishii mlangoni mwa nyumba bali hufuatana na mtu hadi barabarani. Walakini masharti ya kuitumia yameachiwa kila jimbo. Jimbo la Vermont halikupata kamwe kudai kibali cha kubeba bastola, na leo zaidi ya nusu ya majimbo hayadai kibali kwa mtu mzima asiyezuiwa na sheria. New York na New Jersey hudai kibali, tena kilichotolewa na wao wenyewe. Cha jimbo jingine hawakitambui. Leseni ya gari iliyotolewa Pennsylvania hukubaliwa nchi nzima. Kibali cha bastola kilichotolewa Pennsylvania hukoma juu ya daraja la mto Delaware, upande wa pili ukiwa ni New Jersey.

Mwaka 2013 mama mmoja mkazi wa Pennsylvania alivuka upande huo akiwa na bastola yake na kibali chake. Polisi alimsimamisha kwa kosa dogo la barabarani. Yeye mwenyewe, bila kuulizwa, alimwarifu kwamba amebeba silaha na kwamba anacho kibali. Akakamatwa papo hapo, na shtaka alilofunguliwa lilikuwa na kifungo cha lazima cha zaidi ya miaka mitatu. Baada ya makelele mengi waendesha mashtaka walikubali kumwingiza katika mpango wa marekebisho badala ya kumpeleka kizimbani, na mwaka 2015 Gavana Chris Christie alimsamehe kabisa. Twaona polisi yule alitenda kama sheria ya jimbo lake ilivyomwagiza. Hata hivyo jambo moja latutia uzito moyoni: kilichompeleka mama yule mahabusu ni ukweli wake. Angalinyamaza, pengine angaliandikiwa faini ya barabarani akaenda zake. Sheria inayomnasa msema kweli na kumpitisha mnyamavu humfanya kila polisi wa barabarani atiliwe shaka, na mwenye kuumia kwa shaka hiyo ni polisi mwenyewe, usiku, asimamapo kando ya dirisha la gari asilolijua.

Kongresi ya Washington ilikwisha kuiona taabu hii zamani. Mwaka 1986 ilipitisha sheria ya kuwalinda wenye silaha walio safarini. Msafiri atokaye mahali ambapo ni halali kwake kuwa na silaha na kuibeba, akielekea mahali pengine ambapo ni halali vile vile, aweza kupita katika majimbo yaliyo katikati hata kama yana sheria kali, mradi silaha haina risasi ndani, na silaha pamoja na risasi zake zisiwe mahali pa kufikiwa kutoka viti vya gari. Maana yake ni kwamba zikae katika buti. Gari lisilo na buti iliyojitenga, silaha itiwe katika sanduku lenye kufuli. Na kile kijisanduku kilicho mbele ya abiria hakihesabiwi, hata kikifungwa kwa ufunguo.

Ukiisoma haraka waweza kudhani mambo yamekwisha. Hayakwisha, kwa maana sheria hiyo humlinda mtu anayepita, wala haisemi wazi ni kwa kiasi gani aweza kusimama njiani. Mwaka 2005 bwana mmoja wa Utah alisafiri kwa ndege kwenda Pennsylvania. Bastola yake aliifanyia yote yapasayo: aliitoa risasi, akaifunga katika sanduku gumu lenye kufuli, akaitangaza kwa wenye ndege, ikapakiwa pamoja na mizigo. Njiani, katika uwanja wa Newark, New Jersey, aliikosa ndege ya kuunganisha. Akapewa mzigo wake, akalala hotelini. Kesho yake alirudi uwanjani akaitangaza bastola kama alivyofanya awali, na polisi wakamtia mbaroni. Mashtaka yalifutwa baadaye, naye akafungua madai. Mwaka 2010 mahakama ya rufani ya serikali kuu ilimkatalia: usiku ule mzigo ulikuwa mikononi mwake, kwa hiyo silaha ilikuwa mahali pa kufikiwa, na ulinzi wa sheria ya mwaka 1986 ukawa umemtoka. Mahakimu walikiri kwamba alikuwa katika hali ngumu, wakasema mtu aliyekwama hivyo aweza kuwaendea polisi au watumishi wa uwanja kabla ya kuupokea mzigo. Ni neno la busara, ingawa twajiuliza ni wasafiri wangapi waliochoka ambao wangelifikiria saa tatu za usiku.

Je, polisi naye? Hadi mwaka 2004 polisi wa jimbo moja akivuka kwenda jingine bila kazi ya serikali alihesabiwa raia kama wengine. Mwezi Julai mwaka huo Rais George W. Bush alitia saini sheria inayomruhusu polisi aliye kazini, na mstaafu aliyetumikia jumla ya miaka 10 au zaidi, kubeba silaha iliyofichwa katika jimbo lolote. Sharti awe na kitambulisho chenye picha cha idara yake, na mstaafu awe amefaulu mtihani wa shabaha katika miezi 12 iliyopita, kwa gharama yake mwenyewe. Asiwe amelewa. Bunduki ya rashasha na kizuia mlio havimo katika ruhusa hiyo. Jimbo laweza bado kukataza silaha katika majengo ya serikali yake, na mwenye duka au hoteli aweza kumkataza asiingie nayo.

New Jersey iliendelea kuwadai wastaafu wanaoishi humo kibali cha jimbo, na kuwakataza risasi zenye ncha ya shimo. Vyama vya maofisa vilikwenda mahakamani, na Februari 2024 mahakama ya rufani ikaamua kwamba sheria ya Washington ndiyo yenye nguvu. Ilichukua karibu miaka 20 tangu kutiwa saini.

Na askari wa jeshi hatiwi humo kwa sababu tu ya sare. Sheria ya 2004 yahusu wenye mamlaka ya kukamata. Kwa marekebisho ya mwaka 2013 polisi wa jeshi waliingizwa waziwazi, lakini askari wa miguu, dereva wa kifaru na karani wa makao makuu wamebaki nje. Akihamishwa kutoka kambi ya Texas kwenda Fort Dix, New Jersey, bastola yake binafsi husafiri kwa masharti yale yale ya raia, ikiwa katika buti na bila risasi.

Ruhusa zote hizi hukoma penye mpaka wa nchi. Mtu atokaye Alaska kwenda majimbo ya kusini kwa gari hana njia ila kupita Kanada, na tangu mwaka 2022 mtu binafsi haruhusiwi kuingiza bastola huko ila kwa ruhusa chache mno. Mexico ni kali zaidi. Mwezi Machi 2014 sajini wa zamani wa Jeshi la Majini la Marekani, aliyepigana Afghanistan, alikuwa karibu na mpaka wa San Ysidro, California, akiwa na bunduki, bunduki ya marisau na bastola garini, zote alizozimiliki kwa halali nyumbani. Alisema alikosea njia ya kutokea, na barabara ile ikishakuingiza haina pa kugeukia. Alijikuta Tijuana. Aliwaambia maofisa wa forodha kwamba anazo silaha, wakamweka ndani. Alikaa gerezani miezi saba, hadi mwisho wa Oktoba, ambapo hakimu alimwachilia ili akatibiwe kwao maradhi ya akili yaliyoletwa na vita, bila kutoa hukumu juu ya kosa lenyewe.